Ndiga za Siku ya Pili

Utotoni mwangu, kule Mbwara, wakati wa vita vya Maji Maji, tulikula ndiga. Wajukuu zangu wakisikia wanakunja uso. Waache wakunje, hawajaiona njaa. Askari wa Mdachi walikuwa wamechoma maghala yetu, tukabaki kuchimba mizizi porini.

Ndiga ni kiazi cha mwitu chenye sumu. Mama alikimenya, akakikata vipande vyembamba, akavitia kikapuni na kukizamisha kijitoni siku nne, maji yakipita juu yake. Bibi, mzaa baba, alisema ndiga ina mwenyewe, na asipotolewa na maji atahamia tumboni mwa mlaji. Mimi nilipewa kazi ya kulinda kikapu. Nilikuwa na miaka kama tisa, mbishi kupita kiasi.

Kabla baba hajaenda vitani, sote tulinyweshwa ile dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Miiko yake ilikuwa mingi, na mkubwa ulikuwa watu wazima wasilale pamoja mpaka vita viishe. Nilivyoelewa mimi, aliyeinywa hadhuriki na kitu. Siku ya pili ya kuloweka ndiga, mdogo wangu Shabani alilia njaa mpaka sauti ikamkauka. Nikajiambia, ikiwa risasi inageuka maji, kiazi ndicho kitatushinda? Nikatoa vipande vitano, nikavichoma. Kimoja nilikula mwenyewe, kichungu, ulimi ukawasha. Vinne nikampa yeye, najiona mama mdogo.

Mimi nilitapika kichakani, nikapona. Shabani alianza kutetemeka, macho yakapanda juu, mwili ukakakamaa. Ilipofika alasiri hatukuwa naye tena.

Pale uani, Bibi akanishika mkono. "Umempa nini?"

"Sikumpa kitu."

Hakuniuliza tena. Alimgeukia mama, akasema mbele ya watu kwamba basi yeye ndiye aliyevunja mwiko, amelala na mwanamume mwingine mumewe yuko vitani, na dawa imeharibika kwa nyumba nzima. Mama aliinamisha kichwa. Habari za kifo cha baba zilipofika, hicho nacho wakambebesha. Akarudishwa kwao Ruaruke, nami nikamfuata, mdomo nimeufunga.

Ukubwani, mganga mmoja wa zahanati alinieleza kwamba sumu ikiingia mwilini, ini huipokea na kuivunjavunja kidogo kidogo, mabaki yakatoka na mkojo. Lakini lina kiasi chake, na la mtoto mdogo mwenye njaa huzidiwa upesi. Nilimsikiliza huku natamani ardhi ipasuke. Bibi hakukosea juu ya ndiga. Alikosea juu ya mama, na aliyemkosesha ni mimi.

Mama alipokuwa mgonjwa wa kufa, mchana mmoja nilijikaza nimwambie. Akanikatiza.

"Nilimpangusa mdomo mwanangu, nikakuta kipande cha ndiga. Ungesema, wangekuita mchawi."

Kumbe alijua siku zote, na akaubeba uzinzi asioufanya ili mimi nikue, niolewe, nihesabiwe mtu. Nilishindwa hata kumwomba radhi. Akaniambia nimgeuze upande wa pili, nikamgeuza. Ijumaa ya wiki ile akafariki.

Sasa watu hunisifu kwa kulea vizuri, nami naona haya mpaka nashindwa kuwatazama. Neno moja tu lilitakiwa siku ile uani, na nilikuwa nalo, na sikulisema.