Springi za Pijo ya Baba

Nyanya yangu alikuwa na kitanda cha kamba, na kila kilipobonyea baba alikiwamba upya kwa kamba ya usumba wa nazi, ile inayonuka matope ya pwani. Mbona naanzia huko? Ah, juzi hapa Mambrui niliona gari kuukuu aina ya Pijo, nyuma imebonyea vivyo hivyo.

Pijo yetu nayo ilikuwa hivyo. Alasiri moja baba alilala chini yake akibadilisha springi za nyuma, ua mzima unanuka grisi. Mama alikuwa mja mzito, na njia ya kwenda hospitali ilikuwa mashimo matupu. Nami nikamletea baba kamba.

“Ya nini, mwanangu?”

“Ya kuliwamba gari.”

“Mama Salimu, hebu njoo umwone fundi wako!”

Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Nilidhani watu wakicheka pamoja namna ile hawaachani. Kumbe talaka ilikuwa imeshatoka, ila mimi mtoto sikuambiwa.

Springi mpya zilipofungwa, gari likainuka. Baba akampa mjomba, kakake mama, ufunguo.

“Mpeleke taratibu, shemeji.”

Akanipapasa kichwa, akatoka kwa miguu huku akijifuta grisi mikononi, na hakurudi tena.