Oili Nzito ya Shemeji

"Hivi mama, oili si oili tu?" jirani yake mshona nguo alimuuliza siku moja, akiwa amesimama mlangoni kukwepa jua.

Muuza oili hakucheka. "Na uzi si uzi tu? Mbona gunia hulishonei uzi wa hariri?"

Mshona nguo akaenda zake. Tangu siku hiyo akipita huchungulia tu.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye rafu tatu: juu oili za petroli, katikati za dizeli, chini vitu ambavyo havijapata mnunuzi tangu mumewe alipokuwa na nywele. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli, mama huyu humwomba Mungu asije akampa mtu kopo lisilo lake. Kisha kila mwenye pikapu ya dizeli huulizwa: imetembea kiasi gani, inabeba nini, kitabu cha gari kinataka namba gani? Asiyejua hukalishwa juu ya ndoo mpaka akumbuke.

Alhamisi moja akaja shemeji yake, mdogo wa mumewe. Pikapu ilisikika kabla yake. Injini ilikuwa inagonga kama mtu aliyefungiwa stoo.

"Shemeji, nipe ile nzito kuliko zote."

"Hii inataka oili ya kumi na tano arobaini, nyepesi kidogo. Nzito ya nini?"

"Inyamaze."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesho saa nne."

"Saa nne kuna nini?"

Shemeji akatazama dari. "Mwokaji mikate anakuja kuinunua."

Mama alimfahamu vizuri mwokaji huyo. Mwaka wa kumi na moja huu anasukuma mkokoteni wa mikate, magoti yamekwisha, na juzi tu ameuza ng'ombe wake wawili apate gari.

"Oili nzito haitibu, shemeji, inaziba mdomo tu. Wiki mbili, injini imemfia mikononi. Na akichomoa kijiti cha kupimia, ataiona inavyoning'inia kama asali."

"Yeye anajua unga, hajui vijiti. Kwani wewe ni shemeji yangu au askari wa barabarani?"

"Shemeji yako. Ndiyo maana nakwambia bure."

Shemeji akavuka barabara, akanunua oili nzito, namba hamsini, duka la pili. Jioni mama alimsimulia mumewe kisa chote. Akasema yule ni mdogo wake wa tumbo moja, kisha akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake, saa nne kasorobo, mama alifunga duka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba wa mama yake mzazi. Akabeba kigoda chake, akaenda kukaa uani kwa shemeji. Pikapu ilikuwa imeoshwa mpaka matairi. Ilipowashwa, ilinguruma kwa adabu kama mgeni aliyekuja kuposa.

"Umesikia?" shemeji alimwambia mwokaji. "Haina hata kikohozi. Na bahati nzuri shemeji yangu muuza oili yuko hapa hapa. Muulize yeye."

Mwokaji akageuka, mkono mmoja ukiwa kwenye goti. "Mama, unasemaje?"

Mama akainuka kwenye kigoda taratibu, akakung'uta vumbi kwenye gauni.

"Shemeji, naomba uzime injini, uchomoe kijiti cha oili, umpe mwokaji akishike."