Kijiti cha Tsuma

Mwanangu Nguma alirudi kutoka vita vya Burma na gitaa kuukuu mgongoni, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimekauka kikiwa kimepinda, hakinyooki. Hapa Kisauni watu walimpa pole ya kidole, kisha wakamcheka kwa gitaa. Kutwa alikaa barazani hasemi na mtu. Akishapiga, ndipo alipozungumza. Kwa hiyo kelele zile nilizivumilia.

Alikwenda kujifunza kwa Tsuma, mpiga gitaa wa kilabu cha tembo. Tsuma akataka ada ya ufundi, na ada nikaitoa mimi: nimshonee makuti ya kuezekea nyumba yake. Nilishona masika yote, vidole vikapasuka. Mwanangu akapata nyimbo tatu, zote za sauti ya chini.

Jirani yetu Milcah alipokaribia kuolewa, alimwomba Nguma apige harusini. Wanawake wakaja kwetu kujaribu nyimbo. Gitaa lilikuwa chini mno, wakawa wananguruma kama ng'ombe, mwisho wakaangua kicheko.

"Tupandishie bwana!" Milcah akasema. "Au tumeshaota ndevu?"

"Siwezi," akajibu Nguma. "Kupandisha kunataka kidole hiki kizibane nyuzi zote. Tsuma ameniambia nisahau, sitaweza maishani."

Walipoondoka akasema atamwuzia gitaa yeyote atakayelitaka. Gitaa likitoka, namjua, atarudi kwenye kimya chake na safari hii hatatoka.

Kesho yake asubuhi nikajitwika makuti ya mwisho hadi kwa Tsuma. Ndani alikuwa akiwapigia wanywaji wa tembo. Desturi yake, kabla ya kubadili wimbo, huwapa watu mgongo, akageukia ukuta na kuinama. Watu husema anaomba mizimu. Siku hiyo upande alioinamia palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha nilikuwa mimi.

Alitoa kipande cha penseli, akakilaza juu ya nyuzi, shingoni mwa gitaa, akakikaza kwa mpira wa baiskeli. Basi! Ufito na kamba, kazi ninayoifanya kila siku ya Mungu! Akafunika na kitambaa, akageuka, na sauti ikawa imepanda.

"Tsuma!"

Akaruka. "Shikamoo, Mama Nguma..."

"Kaa nayo shikamoo yako! Nakushonea mpaka damu inanitoka, na mwanangu unamwambia kidole chake ndicho kibovu?"

"Ufundi una siri zake, mama. Hata mimi sikupewa."

"Hukupewa, basi uliiba!"

Wanywaji wakacheka hadi wakamwaga tembo. Mimi sikucheka. Makuti yangu nikarudi nayo nyumbani.

Nilikata kijiti, nikachana mpira mkuukuu, nikakifunga kwenye shingo ya gitaa kama nifungavyo ufito. Nguma akapiga. Nyuzi zikakoroma.

"Umekifunga juu ya chuma chenyewe, hiki kinachokatiza shingo, mama," akasema. Akakisogeza nyuma kidogo ya kile chuma. Akapiga tena kwa vidole vyake vitatu, mkao ule ule aliouzoea, na wimbo ukatoka juu, safi. Alikitazama kidole chake kilichokauka, kisha akaupiga tena na tena mpaka ugali ukapoa.

Harusini wanawake waliimba kwa koo zao wenyewe. Nguma alipiga akiwatazama watu usoni, kijiti kikionekana na kila mtu. Vijana wawili wakamsogelea kuuliza, naye akakifungua, akawaonyesha, akawapa na mpira washike. Nikamnong'oneza sikioni.

"Nguma! Geukia ukutani! Mikono yangu imeoza kwa ajili ya kijiti hicho, nawe unakigawa kama karanga?"

"Mama," akasema, "aliyepiga ukelele dirishani kwa Tsuma ni nani? Walevi wote wa Kisauni wameshajua."

Milcah akataka wimbo mwingine, wa juu zaidi. Nguma akasukuma kijiti chuma kimoja mbele. Nikaimba kwa sauti kuliko wote, huku nimenuna.