Bango la Vwawa na Mkate wa Stumai

Tangu aolewe, Stumai hajawahi kununua mkate dukani, na si kwa kukosa. Mumewe, Athuman, anaendesha lori la mizigo kutoka Tunduma kwenda Ndola, na nyumba yao ina bati zuri na maji ya bomba. Ila Stumai alizaliwa Kondoa, kwa mama aliyeona kutupa chakula ni utovu wa adabu, na tabia hiyo alihama nayo. Maji aliyochemshia viazi huyakandia unga. Viazi vyenyewe huviponda akavichanganya kwenye donge, na mkate hubaki laini hadi siku ya tatu. Dera likichakaa hulishona pazia, pazia likichoka linakuwa vitambaa vya kuepulia sufuria.

Oveni hana na hajawahi kuitamani. Anatia mchanga kwenye sufuria kubwa, anaibandika kwenye jiko la mkaa, anaweka ndani yake sufuria ndogo yenye donge lililokwisha kuumuka, kisha anafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Hafunui mpaka harufu imwambie. Akina mama wa Nakonde, upande wa Zambia, wanaovuka mpaka kuja sokoni walikuwa wakipita kwake kuonja, wakamzoesha jina la Mama Umukate, yaani mkate kwa Kibemba.

Mwaka jana, baridi ya Juni ikiwa kali, alikuja binti mmoja anaitwa Nuria, mfanyakazi wa shirika lenye ofisi Vwawa. Alisema wanakusanya ujuzi wa wanawake wanaoendesha nyumba bila kufuja. Stumai alifurahi. Alimfundisha siku mbili nzima, akamshikisha donge kwa mikono yake, akamlisha, akamfungia na mkate wa kuondoka nao. Siku ya pili Nuria akaomba picha. Stumai alitaka kwenda kuvaa vizuri kwanza, Nuria akamwambia abaki vile vile, ndivyo inavyopendeza. Basi akapigwa picha amechuchumaa na kanga ya jikoni, anapuliza mkaa mbichi, moshi umemjaza machozi. Mkate uliokwisha kuiva aliuweka kando ya jiko ili nao uonekane.

Mwezi wa Septemba binti yake mkubwa, Naila, ambaye ni muuguzi huko Vwawa, alimpigia simu. Alisema ameona bango karibu na stendi, na juu ya bango ni mama yake analia. Akamsomea maneno yaliyoandikwa chini: "Mama huyu hawezi kuwanunulia wanawe mkate. Changia leo."

Athuman alikuwa ameshasikia. Kwenye maegesho ya malori, dereva mwenzake Yassir alikuwa amepitisha kofia mbele ya watu, akisema wamchangie mwenzao mkate, na watu wakacheka. Alirudi nyumbani amevimba, lakini hasira yake hakuipeleka Vwawa. Aliileta jikoni. Alimlaumu mkewe kwa kujianika mbele ya wageni, akasema ubahili wake ndio umewaletea aibu.

"Kuanzia kesho tunakula mkate wa dukani, kama watu."

"Kama watu?" Stumai alimwuliza. "Miaka ishirini na mbili umekula mkate wangu ukiwa nani?"

Athuman akaondoka bila kunywa chai.

Asubuhi yake Stumai alikwenda Vwawa. Alisimama chini ya bango akaliangalia kwa muda mrefu. Neno la umaskini lilimchoma, maana watoto hao wanaosemwa wamesomeshwa na nyumba isiyotupa kitu. Lakini kilichomuuma zaidi ni kingine. Picha ilikuwa imekatwa upande mmoja. Mkate haukuwepo.

Ofisini alipokewa na meneja, mwanamume mpole aitwaye Boazi, aliyemwamkia shikamoo na kumvutia kiti. Boazi alieleza kwamba nia ilikuwa njema, kwamba picha haimsemi yeye binafsi, inawawakilisha wanawake wengi. Akatoa karatasi ambayo Stumai aliitia sahihi siku ya picha. Stumai aliichukua, akaisoma kwa sauti: ruhusa ilikuwa ya picha za mafunzo. Nuria alikuwa meza ya pili, macho kwenye kompyuta, hakuyainua.

Boazi akasema ofisi inaweza kumpa unga wa ngano na mafuta ya kupikia, kama pole.

Hapo Stumai akasimama.

"Sikuja kuomba. Ninyi ndio mliokuja mlangoni kwangu na njaa, mkaondoka mmeshiba, mkaenda kuwaambia watu mwenye njaa ni mimi. Lishusheni sasa hivi, nikiwa nimesimama pale."

Likashushwa. Boazi alisema turubai la bango ni mali ya mradi, Stumai akawa anaendelea kulikunja. Alirudi nalo Tunduma, na siku hizi linafunika mkaa wake usiloane, upande wenye uso umelala chini.

Mezani alikuta mkate wa dukani. Hakuutupa, asingeweza. Aliuanika ukakauka, akautwanga, akaufanyia katlesi, kisha akakanda wake kama kawaida. Mumewe akasafiri tena bila kuagwa.

Nuria alipiga simu baada ya wiki mbili. Alilia. Alisema aliyeikata picha ni mwingine, na kwamba vipeperushi vyenye picha hiyo vimeshatumwa nje ya nchi, haviwezi kurudishwa. Stumai hakumbembeleza. Alimwambia anataka barua yenye muhuri inayosema ukweli. Barua ilikuja mwezi uliofuata, mistari minne, ikisikitikia "usumbufu uliojitokeza". Neno hilo usumbufu lilimwasha upya. Aliirudisha barua Vwawa kwa mkono wa Naila, na hadi leo hawajaandika nyingine.

Athuman aliporudi kutoka safari ile ya Ndola alioga, akaketi jikoni, mahali ambapo kwa kawaida hakai. Alisema Yassir amerudia utani wake kule mpakani, na safari hii amemjibu mbele ya wote kwamba lori analoendesha yeye ni la tajiri, lakini nyumba anayolala imejengwa na mkewe.

"Ungemjibu siku ile ile," Stumai alisema. "Siku ile ndiyo niliyokuhitaji."

Athuman alikubali kwa kichwa, akabaki palepale amekaa. Stumai hakumwangalia, aliondoa makaa juu ya kifuniko, moja moja kwa koleo, akimwacha asubiri.