Sikio la Fundi Mwikwabe

Mume wangu Mwikwabe ana jina kubwa kuliko mwili wake. Kuanzia Bweri mpaka Bunda, kwaya hainunui gitaa wala kinanda kabla yeye hajakigusa na kusema ndiyo. Ana miaka sitini na mmoja, na arobaini kati ya hiyo ameimalizia kwenye kibanda chetu hapa Mwisenge, Musoma, akifungua vinanda vilivyoingia mende, akibadilisha nyuzi, akigombana na walimu wa kwaya wanaodhani kelele ndiyo muziki. Watu humwita Sikio. Mimi niliyeolewa na Sikio nilikuwa wa kwanza kujua kwamba limeanza kufa.

Nilijua kwa sababu ya kifaranga. Kilifunikwa na ndoo uani, kikalia mpaka jirani akachungulia kuuliza kuna nini, na Mwikwabe amekaa hatua mbili tu kutoka hapo anafunga uzi wa gitaa, hana habari. Nilinyanyua ndoo, nikamtazama. Akakitazama kifaranga, akanitazama mimi, akaelewa.

"Mama Kulwa, usimwambie mtu," alisema. "Sauti nene nazisikia vizuri. Hizi nyembamba ndiyo zinanikimbiaga."

Daktari alisema ni umri, na kwamba kilichopotea hakirudi. Toka hapo niliishi na woga. Nikisikia mteja anabisha hodi, nakimbilia mlangoni kabla yake. Fundi wa ala asiyesikia atafanya kazi gani tena? Na yule mwanamume ninavyomjua, siku watu watakapomcheka atajifungia ndani na hatatoka.

Basi katikati ya woga huo akaja Brian na wazimu wake. Brian ni mwalimu wa sekondari, kijana mwenye adabu, aliyefundishwa gitaa na sista mmoja wa Kihispania. Sista huyo alimwachia muziki wa kwao unaoitwa flamenko. Ukiusikia mara ya kwanza utadhani watu wanagombana: gitaa linakimbia, miguu inapiga sakafu, makofi yanaingia mahali usipotegemea, na mwimbaji analia kama mfiwa. Brian alitaka kuuchanganya na litungu, kile kinubi chetu cha nyuzi nane, na njuga za huku kwetu Mara, na bendi yake ilikuwa imepewa nafasi ya kupiga Bunda siku ya Pasaka.

"Shikamoo mzee," alisema. "Ala zote uchague wewe. Ukisema hii hapana, tunaiacha."

Nilikohoa. Nilimkanyaga mume wangu mguu chini ya meza. Mwikwabe akajibu, "Marahaba. Nitawachagulia."

Brian alipoondoka nilimwuliza kama amerogwa. "Nikikataa watauliza kwa nini," akasema. Ndipo tukapanga uongo wetu. Nimeimba kwaya tangu nikiwa msichana, masikio yangu mazima. Nitakaa kushoto kwake kila mahali, mke mzee asiyetaka kumwacha mumewe, na mkono wangu utakuwa ndani ya mkono wake. Nikiubana, ala ni nzuri. Nikimchoma kwa ukucha, aikatae.

Gitaa tulilichagua hapahapa Musoma. Brian alileta mawili ya nyuzi za nailoni. La kwanza lilikuwa na uzi mwembamba unaokwaruza, nikachoma ukucha, Mwikwabe akakunja uso kitaalamu na kusema hili lina homa. Wote wakacheka, Brian akashangaa sikio lile. Mimi jasho lilikuwa limeloanisha kanga.

Kisha ikaja ngoma ya flamenko, ambayo ni sanduku tu: mtu analikalia na kulipiga kwa viganja. Tulikwenda Bweri kwa Alfonce seremala, akatutolea matatu. Sauti yake ni nene, hivyo Mwikwabe alichagua mwenyewe bila mkono wangu, akatoka pale anatembea amenyoosha mgongo. Kwa muda wa nusu saa nilisahau kuogopa.

Litungu tulilifuata Butiama, kwa Mzee Burito, ambaye hapendi watu wa mjini na hafichi. Alipiga nyuzi zote nane moja baada ya nyingine, akituangalia usoni. Nilisikia kwamba mmoja haukuwa sawa, ila sikujua ni upi, na mkono wangu ukabaki umelegea ndani ya mkono wa Mwikwabe. Nikasema moyoni, leo ndiyo mwisho. Mwikwabe akaomba alishike. Akainamisha kichwa, akabana meno yake kwenye ubao wa litungu, akafumba macho na kugusa uzi mmoja mmoja.

"Huu wa sita umeulegeza makusudi," alisema.

Mzee Burito akasogeza kigoda chake karibu. "Ni kweli. Lakini we unasikilizaga kwa meno?"

"Mfupa haudanganywi na upepo," Mwikwabe akajibu, na yule mzee akacheka mpaka akakohoa. Alituazima litungu. Mimi sikucheka. Niliona jinsi alivyolitazama sikio la mume wangu wakati tunaaga.

Zikabaki njuga, na njuga zilikuwa Bunda kwa Rhobi, mcheza ngoma wa bendi. Njuga ndizo nilizoziogopa tangu mwanzo. Sauti yake ni nyembamba, na huwezi kuuma njuga iliyo mguuni mwa mwanamke wa watu.

Tulipofika huko, kwenye ukumbi wao wa mazoezi, Brian aliniita. Flamenko haiendi bila wapiga makofi na mmoja wao hakufika, akaniomba nishike nafasi yake kwa dakika chache ili Rhobi apate mwendo wa kuchezea. Nilisema magoti yananiuma. Akasema watanipa kiti. Nikasema sijui kupiga. Felisian, mpiga sanduku wa bendi, ambaye huimba nami kwaya, akasema, "Mama, kwaya yote inakujuaga wewe kwa makofi." Nikajikuta nimekaa upande wa pili wa ukumbi, mikono yangu inapiga makofi, na mume wangu amekaa peke yake, mkono wa kushoto umelala juu ya goti.

Sasa Rhobi ana desturi yake. Akisafiri hujaza vitambaa ndani ya njuga zake zisimsumbue njiani, kisha huvitoa kabla ya kucheza. Alikuwa na seti mbili. Ya kwanza aliitoa vitambaa, akaivaa, akacheza, ikalia vizuri kabisa. Akavaa ya pili na kuruka, amesahau vitambaa vyote ndani. Hakuna kilicholia. Alisimama mwenyewe akaanza kujicheka.

Mwikwabe hakuwa akitazama uso wake. Alikuwa anatazama miguu.

"Hizi," alisema kwa sauti yake ile ya kukata shauri. "Hizi za pili zinalia safi kuliko zile."

Makofi yalikufa. Felisian alicheka, akidhani ni utani, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Brian alinitazama. Mimi nilitafuta uongo wowote, hata mmoja, na sikuupata.

Rhobi alichutama taratibu, akavuta kitambaa kimoja kutoka kwenye njuga, akakishika mkononi. Mwikwabe alikiona. Aliinuka, akavua kofia.

"Nyembamba sizisikii tena," alisema. "Gitaa alichagua Mama Kulwa. Na hizi muulizeni yeye."

Wote wakanigeukia. Rhobi alivitoa vitambaa vilivyobaki, akacheza kwa seti ya pili, kisha akabadili akarudia ya kwanza. Safari hii hapakuwa na mkono wa kubana. Nikasema, "Za kwanza." Brian akaitikia kwa kichwa, na hakuna aliyebisha.

Tulirudi kwa gari la Brian. Yeye mbele, sisi nyuma. Mwikwabe hakulia wala hakugomba, na hilo liliniogopesha zaidi. Tulipopita mashamba ya pamba akanishika mkono.

"Mama Kulwa, njuga zile zinaliaje?"

Nina miaka thelathini na sita naye. Naweza kumsema kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili bila kurudia neno, lakini sauti sijawahi kumsimulia. Nilifungua kinywa nikasema, "Zinalia vizuri."

"Vizuri vipi?"

Nikasema, vizuri tu, zinachangamka. Aliitikia, akanisogezea kichwa apate kusikia maneno mengine, akasubiri hivyo mpaka tukaingia Musoma.