Minazi ya Werugha

Tangu wanafunzi waanze kuandikiwa insha na akili unde, Mkawasi, mhadhiri wa kilimo huko Voi, haamini karatasi. Humwita kila mmoja ofisini na kumhoji kabla ya kumpa alama.

Jana ilikuwa zamu ya Bravin, ambaye bila somo hilo hahitimu. Insha yake ilihusu shamba la kwao.

“Kwenu Werugha, baridi na ukungu mwaka mzima. Hii minazi uliyoandika iko upande gani wa boma?”

“Ni ya jirani, madam.”

“Jirani wa Mombasa?” Mkawasi alimsukumia karatasi tupu. “Andika hapa ng'ombe wa mamako hula nini. Ukijua, umepita.”

Bravin aliandika jina lake, akajikuna kichwa, akatoa simu.

“Nimpigie mama kwanza?”

“Mpigie. Mwambie pia asishone nguo ya mahafali.”