Keria Iliyokatika Haikuwa ya Baba

Ndugu mwenye ukurasa, barua hii ichapishe, lakini jina langu lifiche. Huku kwetu gazeti moja husomwa na kijiji kizima.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, nina mke na watoto wawili, naishi upande wa Kihanga, Karagwe. Kazi yangu ni kuunganisha baiskeli dukani. Zinafika kutoka Bukoba zikiwa vipande ndani ya masanduku, nami nafunga magurudumu, usukani, mnyororo na breki mpaka mtu anaondoka akipiga kengele. Mwenye duka, mtu wa asili ya pwani, ndiye aliyenifundisha. Nilipoanza kuvaa kaptula iliyopigwa pasi nikajiona si mtu wa kuchezewa.

Tatizo lilikuwa keria, kile chuma cha nyuma cha kubebea mzigo. Zinazokuja na baiskeli ni nyembamba, ukipakia gunia la kahawa zinapinda kabla hujafika Kanoni. Baba yangu ni mhunzi, mtoto wa mhunzi. Basi mteja akitaka keria pana, nilichukua vipimo dukani, baba akaifua nyumbani kwa mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi, mimi nikaipaka rangi nyeusi na kuifunga. Watu walizisifu mno. Wakiuliza zimetoka wapi, nilijibu, "Ulaya. Zinakuja ndani ya sanduku."

Sina cha kujitetea. Niliona aibu kusema kitu kizuri namna ile kimetoka kwa mzee anayetembea miguu mitupu, ndevu zimejaa majivu. Siku moja alinisikia. Alikuwa ameleta keria mbili begani, akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza kumdanganya mteja. Alipoondoka yule mteja, baba akaziweka chini na kusema, "Haya, za Ulaya hizi hapa." Akacheka. Nami nikacheka.

Mwaka jana alikuja mtu nitakayemwita Rwegasira. Mkewe alikuwa na mguu mbovu, akataka keria yenye kiegemeo ampeleke hospitali ya misheni kesho yake asubuhi. Baba alikuwa amekwenda msibani Kiruruma. Mtu mwingine angesema, "Msubiri baba yangu." Mimi ningesemaje, wakati nimeshawaambia watu wote kwamba keria zinatoka kwenye sanduku? Nikamwambia arudi jioni, nikakimbia nyumbani, nikafua mwenyewe. Chuma hakikuiva vizuri pale kwenye kiungo, na nikauona ufa mwembamba. Nikaupaka rangi.

Keria ilikatika kwenye mteremko. Mama wa watu alivunjika mkono, na mkono ule umepona ukiwa umepinda, jembe hashiki tena. Rwegasira alikuja dukani na kipande cha chuma, watu nyuma yake. "Fundi, hii ndiyo Ulaya yako?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Hiyo haikutoka kwenye sanduku. Hiyo kaifua mzee wangu."

Wakaenda kwa baba. Nikawafuata kwa nyuma kama mbwa aliyeiba nyama. Baba alikipokea kile kipande, akakigeuza, akakwangua rangi kwa ukucha. Kazi ya mkono wake anaijua hata gizani. Aliniangalia mara moja tu, kisha akamwambia Rwegasira, "Mwanangu, nisamehe. Macho yamekwisha. Huu ni mkono wangu."

Tangu siku hiyo hajawasha moto. Kwetu, mhunzi ambaye chuma chake kimeumiza mtu huweka nyundo chini. Watu wakipita humwambia, "Shikamoo mzee," na wakifika mbele kidogo wananong'ona kwamba mzee kazeeka vibaya. Mimi nakaa naye kila jioni tunaongea habari za migomba na mvua. Hajanilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenichapa.

Sasa ametangaza kwamba nyundo ya babu nitapewa mimi baada ya mavuno ya kahawa. Ukoo wote utakuja, ndizi za kutengenezea rubisi, pombe yetu, zimeshatengwa. Anayeipokea nyundo huapa juu yake, mbele ya watu, kwamba hajawahi kuficha ubovu wa chuma. Nilimwambia baba, "Tata, mpe mdogo wangu." Akanijibu taratibu, "Mdogo wako hajui kufua. Wewe angalau unajua kiungo kinakatikia wapi."

Nikisema ukweli, dukani sina kazi, Rwegasira sijui atanifanya nini, na baba ataonekana aliwadanganya watu kwa ajili yangu. Nikinyamaza, nitaapa uongo juu ya nyundo ya babu, na yeye anayejua kila kitu ndiye atakayeniwekea mkononi.

Wasomaji wenzangu, kahawa imeanza kuwa nyekundu. Nishaurini, nifanye nini? Hata mkinitukana nitapokea. Ila mjue kwamba baba hajui kusoma, na kila gazeti hili linapofika, mimi ndiye ninayemsomea ukurasa huu.